Tarehe Ukitoa Tarehe

Toa tarehe 31 Januari 2025 kwenye tarehe 1 Februari 2025. Mtoto wa shule ya msingi atakujibu: siku moja. Hifadhidata ya MySQL, ikiwa safu zake mbili ni za aina ya tarehe na umeweka alama ya kutoa katikati, itakujibu 70. SQLite itakujibu 0. PostgreSQL peke yake itakubaliana na mtoto. Hakuna hata moja iliyoharibika. MySQL imezisoma tarehe kama namba, 20250201 na 20250131, ikatoa ndogo kwenye kubwa. SQLite haina aina ya tarehe kabisa. Inahifadhi maandishi, na ikilazimishwa kupiga hesabu inachukua tarakimu za mwanzo za kila andishi, yaani 2025, kisha inatoa 2025 kwenye 2025. Ni majibu matatu kwa swali moja, na kila jibu ni sahihi kwa jinsi mashine ilivyolielewa swali.

Vijana wanaotengeneza programu Goma, kama wenzao wa Nairobi au Brussels, kwa kawaida hawayaoni majibu hayo matatu. Kati yao na hifadhidata imekaa programu ya kati, inayojulikana kwa herufi zake tatu, ORM, ambayo hugeuza vitu vya lugha ya programu kuwa safu za majedwali na kuandika maulizo kwa niaba yao. ORM ya Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Python, tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015, ina aina maalumu ya kuhifadhi muda. Kwenye PostgreSQL na Oracle muda huo unakaa katika aina ambayo hifadhidata yenyewe inaitambua. Kwenye MySQL na SQLite unakuwa namba nzima ya mikrosekunde. Na kwa miaka mingi, mtu akijumlisha tarehe na muda ndani ya ulizo moja, Django ilikuwa inagoma: umechanganya aina mbili, sema kwanza jibu litakuwa la aina gani. Wengi waliona kero tu, wakaongeza mstari mmoja ili mashine inyamaze. Mimi naona katika mgomo huo msimamo wa kifalsafa ulio imara kuliko ule wa waliokuwa wakiulalamikia. Tarehe mbili peke yake hazina muda kati yao. Muda hupatikana baada ya mtu kuamua anahesabu nini, kwa kipimo gani, kuanzia wapi na kwa sharti gani. Na aliyeamua anawajibika kwa uamuzi huo, hata kama ameufanya bila kujua kwamba anaamua.

Tuanze na mahali ambapo jambo hili linamgusa mtu mwilini. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba aliyewekwa chini ya ulinzi hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya mahakama. Katiba haikusema siku mbili. Sasa chukua daftari la mahabusu, liwe la karatasi au la kompyuta, linaloandika tarehe bila saa. Mtu aliyekamatwa Jumatatu saa tano usiku na kutolewa saa saba usiku wa kuamkia Jumatano amekaa ndani saa 26. Mwingine aliyekamatwa Jumatatu saa mbili asubuhi na kutolewa Jumatano saa mbili usiku amekaa saa 60, na haki yake imevunjwa kwa nusu siku nzima. Daftari litasema wote wawili wamekaa siku 2. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyefuta kitu. Aliyechora jedwali alichagua tarehe badala ya saa, labda kwa kuokoa nafasi, na katika kuchagua hivyo akaifanya ibara ya 18 isiweze kukaguliwa. Nchi yenyewe inaongeza ugumu wake: Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Faili lililofunguliwa Goma na kufungwa Kinshasa, kila ofisi ikiandika saa ya ukutani kwake bila kutaja ukanda, litameza saa moja, na saa 49 zitasomeka 48. Ukivuka kwenda Gisenyi saa haibadiliki, ukivuka Bunagana kuingia Uganda inaruka mbele, na wakati wa kiangazi cha Ulaya Brussels inalingana na Goma kabisa, kisha Oktoba inarudi nyuma kwa usiku mmoja wenye saa ya ziada. Siku hiyo ya Brussels ina saa 25. Ndiyo maana PostgreSQL inakataa kuamini kwamba siku na saa 24 ni kitu kimoja, na inavitunza kila kimoja mahali pake.

Inakataa pia kuamini kwamba mwezi ni idadi fulani ya siku. Ndani ya aina yake ya muda, miezi, siku na mikrosekunde vimewekwa katika vyumba vitatu tofauti. Ukiongeza mwezi 1 kwenye 31 Januari 2025 unapata 28 Februari. Ukiongeza mwingine unapata 28 Machi. Lakini ukiongeza miezi 2 kwa mpigo kwenye ile 31 Januari unapata 31 Machi. Hesabu ya shule inafundisha kwamba kujumlisha kwa vipande na kujumlisha kwa mkupuo ni mamoja. Kwenye kalenda si mamoja, kwa sababu mwezi hauko kama gunia la siku. Ni agizo la kutafuta tarehe nyingine. Wala PostgreSQL yenyewe haina msimamo mmoja hadi mwisho. Iulize kama mwaka 1 ni sawa na siku 360, itasema ndiyo, kwa kuwa inapolinganisha huhesabu kila mwezi siku 30. Iulize mwaka 1 una sekunde ngapi, itatumia siku 365 na robo. Wataalamu wa hifadhidata wanayajua haya na wameyazoea, kama mtu anavyozoea ngazi yenye kidaraja kimoja kifupi.

Wanazuoni wa dini waliufikia mlango huu mapema sana. Katika Surat al-Baqara, aya ya 234, mjane amewekewa eda ya miezi minne na siku kumi. Miezi hiyo ni ya mwandamo, yenye siku 29 au 30, kwa hiyo eda inayoanza pamoja na mwezi mwandamo mara nyingi huisha karibu na siku ya 128. Je, mume akifariki katikati ya mwezi? Wapo waliosema hapo mwandamo hauna msaada tena, zihesabiwe siku tupu: mara nne thelathini na kumi juu, 130. Wapo waliosema miezi mitatu ya kati ifuate mwandamo, na ule uliokatika ukamilishwe kwa siku za mwisho. Kila upande una hoja zake, na tofauti ya siku mbili si ndogo kwa mwanamke anayesubiri ruhusa ya kuanza maisha mengine. Sasa fikiria programu ya Django inayotunza kumbukumbu za eda, ikiwa na muda wa miezi 4 na siku 10 uliohifadhiwa sawasawa kwenye PostgreSQL. Muda huo ukivutwa kuingia kwenye lugha ya Python unagonga ukuta, maana aina ya muda ya Python inajua siku, sekunde na mikrosekunde tu, mwezi haina. Kiunganishi kinageuza kila mwezi kuwa siku 30 na kukabidhi jibu: siku 130. Bila kufungua kitabu chochote, bila kumuuliza shehe yeyote, programu imechukua upande katika mjadala wa fikihi.

Hapo ndipo nasema uamuzi umefanyika gizani. Siulaumu uchaguzi wa 30. Ni uchaguzi wenye watetezi wake wenye elimu. Ninachokataa ni kuuleta kwa mjane kama matokeo ya hesabu, wakati ni matokeo ya rai. Biblia nayo haiko mbali. Walawi 25 inaagiza kwamba shamba linapouzwa, bei ifuate miaka iliyobaki kufikia yubile, na inaeleza kwa nini: muuzaji anauza idadi ya mavuno. Torati inataja wazi kinachohesabiwa, na si siku. Wakristo wa Goma, ambao ndio wengi mjini, kila Pasaka wanakiri kufufuka siku ya tatu. Tangu Ijumaa mchana hadi alfajiri ya Jumapili hazifiki hata saa 48, na hifadhidata yoyote nzuri ukiipa tarehe hizo mbili itasema 2. Tatu inatokana na desturi ya kuhesabu siku ya kwanza na ya mwisho pamoja. Hakuna anayeiona kama kosa, kwa kuwa jumuiya nzima inajua desturi ni ipi na imeipokea kutoka wapi.

Msomaji wa sayansi atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: haya yote ni mabishano ya vipimo. Chini ya kalenda, eda na daftari la polisi, muda halisi unapita bila kumsubiri mtu, na fizikia inaupima. Kinachohitajika ni kuhifadhi sekunde na kuachana na mengine. Nakubali kwamba kitu kinapita bila idhini yetu. Sekunde tangu mwaka 1967 inafafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sisiamu, na mitetemo hiyo haina habari na mipaka ya Kongo. Lakini hata mtu anayedhani amehifadhi sekunde tupu hajafanya hivyo. Saa ya dunia, UTC, iliongezewa sekunde ruka 27 kati ya mwaka 1972 na 2016 ili iendane na mzunguko wa dunia, na hifadhidata zetu huzipuuza kana kwamba hazikuwahi kupita. Ukitafuta sekunde kati ya siku moja ya mwaka 1977, Nyiragongo ilipolipuka, na tarehe 22 Mei 2021 ilipolipuka tena, jibu la PostgreSQL litakuwa pungufu kwa sekunde kadhaa zilizopita kweli. Waliochagua kuzipuuza walikuwa na sababu nzuri, nami ningechagua vivyo hivyo. Ila walichagua. Na muhimu zaidi, hakuna taasisi inayouliza sisiamu imetetema mara ngapi. Polisi anaulizwa kama haki imelindwa, mkopeshaji kama deni limechelewa, daktari kama hatari imekwisha. Muda wa fizikia unaingia katika kila swali, haulijibu hata moja.

Swali la daktari ndilo Goma imelijua kwa undani. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 uliingia mjini Goma tarehe 14 Julai 2019, alipothibitishwa mgonjwa wa kwanza, mchungaji aliyekuwa amesafiri kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Watu wakafundishwa namba mbili. Ya kwanza ni 21: siku ambazo aliyemkaribia mgonjwa hufuatiliwa, kwa kuwa virusi vikiwa mwilini huonyesha dalili ndani ya muda huo. Ya pili ni 42, mara mbili ya ile, ambazo lazima zipite kabla ya kutangaza mwisho. Tangazo lilipangwa kutolewa tarehe 12 Aprili 2020. Tarehe 10 Aprili akathibitishwa mgonjwa mpya Beni, na shirika lenyewe likasema zilikuwa zimepita siku 52 bila mgonjwa mwingine. Hapo mtu makini hushtuka: 52 ni nyingi kuliko 42, kwa nini mlipuko haukutangazwa kwisha siku kumi kabla? Kwa sababu namba hizo mbili hazikuanzia mahali pamoja. Siku 52 zilihesabiwa tangu mgonjwa aliyetangulia alipogundulika. Siku 42 huanza pale mgonjwa wa mwisho anapopimwa mara ya pili na kuonekana hana virusi tena. Ukimya ni ule ule, mji ni ule ule, na mianzo ya hesabu ni miwili tofauti kwa maana ya sheria za afya. Kisha mgonjwa wa Beni akairudisha hesabu kwenye sifuri, na mwisho ulitangazwa tarehe 25 Juni, baada ya watu zaidi ya 2,200 kufariki. Je, zile siku zilizokuwa zimehesabiwa zilikwenda wapi? Kifizikia hazikwenda popote. Lakini hazikuwa sehemu ya muda uliokuwa unatafutwa, maana muda uliotafutwa ulikuwa wa siku 42 mfululizo chini ya sharti, na sharti lilipovunjika siku zile zilibaki kuwa siku tu. Ulizo la hifadhidata linalotoa tarehe kwa tarehe halina mahali pa kuweka sharti. Lazima binadamu aliandike.

Kuna fumbo jingine ambalo Agostino wa Hippo aliligusa katika kitabu cha 11 cha Maungamo: sauti inayoendelea haiwezi kupimwa kwa kuwa haijaisha, na ikiisha haipo tena ili ipimwe. Alimaliza kwa kusema tunachopima ni alama iliyobaki ndani ya nafsi. Hifadhidata inalijua fumbo hili kwa jina la safu tupu. Jambo lisiloisha halina tarehe ya mwisho. Ukitoa mwanzo kwenye utupu unapata utupu, na ripoti inayojumlisha muda huwaruka kimyakimya wote ambao shida yao bado inaendelea. Familia iliyokimbilia kambi ya Kanyaruchinya karibu na Goma mwishoni mwa mwaka 2022 na kuondolewa kwenye hema baadaye ina muda unaohesabika. Familia ambayo bado iko njiani inatoweka kwenye wastani. Dawa ya watengenezaji programu ni kuweka sasa mahali pa utupu, na ni dawa ya busara mradi ijulikane kwamba ni dawa. Hata hiyo sasa ina masharti yake: PostgreSQL ikiulizwa saa ndani ya muamala mmoja hujibu saa muamala ulipoanza, na itaendelea kujibu hiyo hiyo hata muamala ukichukua dakika kumi. Agostino angecheka.

Mfano mkubwa wa jambo lisilo na mwisho uko kwenye sheria. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliingia katika kile ambacho watu wa Goma hukiita kwa Kifaransa chake, état de siège: magavana wa kiraia wakaondoka, wanajeshi wakashika utawala. Ibara ya 144 ya Katiba inaweka ukomo wa siku 30, kisha Bunge na Seneti waweza kuruhusu nyongeza za siku 15, kila moja ikiombwa upya. Waandishi wa ibara hiyo walifikiri vizuri: walitaka kila nusu mwezi mtu asimame na kusema kwa nini. Miaka 3 baadaye bado zilikuwa zinaongezwa. Kwa hesabu tupu, miaka 3 tangu siku hiyo ni siku 1,096. Ondoa 30 za mwanzo, zinabaki 1,066, ambazo ni nyongeza 71 za siku 15 na siku moja juu. Weka sasa nyongeza hizo kwenye jedwali, kila moja safu yake. Uliza safu yoyote muda wake, utaambiwa 15. Ni kweli kila mara. Miaka 3 haimo katika safu hata moja. Itaonekana tu akitokea mtu wa kuuliza kutoka mwanzo wa safu ya kwanza hadi mwisho wa safu ya mwisho, na hakuna kifungu kinachomlazimu yeyote kuuliza hivyo. Katiba ilidhibiti kipimo kimoja cha muda, na kile cha pili, ambacho ndicho raia alikuwa akikiishi, kikabaki bila mlinzi.

Ndipo linakuja pingamizi ninaloliogopa zaidi: ukisema muda huamuliwa, umewakabidhi wenye nguvu kalamu. Afadhali hesabu kavu isiyompendelea mtu. Naelewa hofu hiyo, na katika mji ambao umebadilishiwa watawala kwa bunduki mwaka 2012 na tena Januari 2025 ni hofu yenye msingi. Lakini tazama hesabu kavu inavyofanya kazi. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Chukua mkopo wa mfano uliotolewa tarehe 1 Novemba 2024, na mtu anayeukagua tarehe 1 Juni 2025. Tarehe ukitoa tarehe ni siku 212. Lakini kuanzia tarehe 27 Januari mdaiwa hakuwa na dirisha la kulipia. Siku 125 kati ya hizo zilipita mlango ukiwa umefungwa, na siku ambazo aliweza kulipa zilikuwa 87. Aya ya 282 ya al-Baqara inaagiza deni la muda maalumu liandikwe. Aya ya 280, mistari michache kabla, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na muhula huo haukupewa namba. Sura moja inataka tarehe iliyoandikwa na inataka pia muda usio na tarehe, na sioni mgongano: la kwanza ni la mkataba, la pili ni la haki mkataba unapogonga dunia. Mkopeshaji atasema, na ana haki ya kusema, kwamba fedha zake zilibaki nje siku 212 na wenye akiba wanamdai yeye. Sawa. Basi kuna maswali mawili, fedha zimekaa nje muda gani na mdaiwa amechelewa muda gani, na kila moja lina jibu lake. Hesabu kavu inayatia yote mawili katika 212 na kumwegemea aliyekuwa na nguvu tangu mwanzo, bila hata yeye kuhitaji kuomba. Uamuzi uliotamkwa unaweza kubishiwa mahakamani au kanisani au kwenye baraza; uliofichwa ndani ya alama ya kutoa hauna wa kubishana naye.

Wengine watasema ugomvi huu wa vipimo ni wa kigeni, kwamba Mwafrika ana wakati wa namna nyingine. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliugawa wakati kati ya Sasa na Zamani na kusema mustakabali wa mbali haukuwa na nafasi katika fikra za jadi. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan, na naona Gyekye ana nguvu zaidi. Wanawake wa likelemba, yaani upatu, wanaochanga kila juma wanajua barabara nani atapokea na baada ya zamu ngapi, hata miezi kadhaa mbele. Wanahesabu zamu, hawahesabu siku, na juma likirukwa kwa sababu ya risasi zamu haipotei. Huko ni kutangaza kipimo mapema kabla ya fedha kutoka mfukoni, jambo ambalo programu nyingi za benki hazijafikia. Henri Bergson kwa upande wake, tangu mwaka 1889, alishikilia kwamba muda tunaouishi haupimiki, kwamba ukiukata vipande umeshaupoteza. Kuhusu nafsi huenda yuko sahihi. Ila mahabusu anahitaji namba ya kumwonyesha mwendesha mashtaka, na huko Bergson hana la kumsaidia.

Linabaki pingamizi la mafundi: ORM ipo ili tusifikiri haya. Ikiwa kila mara lazima tutaje aina, mwanzo, kipimo na sharti, tulirahisisha nini? Nadhani wanachanganya kurahisisha na kuficha. ORM inaweza kutuficha, bila madhara, kwamba MySQL na PostgreSQL zinaandika maulizo kwa lafudhi tofauti. Hiyo ni kazi yake na inaifanya vizuri, na lile jibu la 70 halimfikii mtumiaji kwa sababu yake. Haiwezi kutuficha kwamba mwezi si siku 30, maana hakuna kanuni ya kugeuza kimoja kuwa kingine bila kuchagua. Waandishi wa Django wenyewe wanaonya katika maelezo yao kwamba, nje ya PostgreSQL, kulinganisha muda uliohifadhiwa na tofauti ya tarehe mbili hakutatoa matokeo unayotarajia. Onyo hilo ni la kweli, na ni bora kuliko ukimya. Mfumo wa mikopo wa Goma ungehitaji zaidi yake: safu ya siku za mkataba, safu ya siku ambazo dirisha lilikuwa wazi, na safu ya maandishi yenye jina la aliyeamua ni siku zipi zisihesabiwe na kwa sababu gani. Itaongezeka mistari michache ya programu, ripoti itachelewa kidogo, na afisa wa mikopo atalazimika kujaza kisanduku ambacho leo hakipo kwenye skrini yake.